Je, wajua? Kwa nini gavana ana mwisho na mbunge hana?

Juzi maskani Majengo, kahawa tungu mkononi, kijana mmoja kauliza swali watu wakanyamaza: "Ami, si Joho, gavana wa hapa Mombasa, na Badi Twalib, mbunge wa Jomvu, waliingia mwaka mmoja, 2013? Mbona mmoja alipofika 2022 ilibidi atoke na mwengine sasa yuko muhula wa tatu?"

Jibu liko kwa katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 142 kinampa rais mihula miwili basi, na cha 180 kinamfunga gavana vilevile. Mbunge, seneta na MCA (mwakilishi wa wadi) hawajawekewa kikomo chochote, mradi wapigakura wamrudishe kila miaka mitano anakaa mpaka achoke. Wazee wanamkumbuka marehemu Shariff Nassir, kiti cha hapa mjini alikikalia tangu miaka ya sabini mpaka Najib Balala alipokuja kumtoa kwa kura 2002.

Haya mambo ya mihula miwili yalianza na Rais Moi. Aliingia 1978, na vyama vingi viliporudi ndipo 1992 katiba ikawekewa kikomo, tena hesabu ikaanzia hapo, ndio maana akafika 2002. Hofu ilikuwa mtu mmoja kushika jeshi, hazina na uteuzi wote. Gavana naye ana bajeti na kuajiri watu, akatiwa kapu hilohilo. Lakini mbunge kwenye karatasi ni sauti moja kati ya 349, hata askari wa kanjo hawezi kumwajiri, sasa umuogopee nini?

Hapo ndipo mimi nina ubishi. Tangu 2003 kuna hela za CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo la mbunge, ndimo zinamotoka basari za karo. Muone mama wa Likoni na fomu ya basari imekunjwa ndani ya leso, ina muhuri wa chifu na barua ya shule, amepanga laini tangu asubuhi, kwake yeye mbunge si sauti moja kati ya 349 bana, huyo ndiye serikali yenyewe! Na anayetaka kumpinga anakuja na mdomo mtupu na tisheti. Kwa hivyo naona kikomo kifuate pesa: basari zikiondolewa mkononi mwake, akae hata mihula saba, zikibaki afungwe kama gavana.

Ila msidhani mihula inatibu kila kitu. Ufilipino mbunge ana mwisho wa mihula mitatu mfululizo, ya miaka mitatu mitatu, na kinachotokea ni kiti kumpisha mke au mtoto halafu mzee anarudi baadaye, yaani nyumba ileile mlango mwengine. Mexico walikataza kurudi mfululizo tangu 1933, wakaja wakalegeza 2014 kwa sababu mbunge asiyerudi kwa wapigakura alikuwa anamtazama bosi wa chama ampe kazi ingine.

"Sasa hao wabunge watajifunga wenyewe?" kijana hakuridhika. Si lazima. Kifungu cha 257 kinasema saini milioni moja, halafu mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yakubali, ndipo mswada uende Bungeni, na wabunge wakiukataa unarudi kwa wananchi kura ya maoni.

Kijana akauliza kalamu iko wapi. Ami akamwambia alipe kahawa kwanza.