Si dhahabu inayounga bakuli

Ukiona bakuli la chai la Kijapani, lile zito la udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe, lina mistari ya dhahabu ubavuni, utaambiwa: lilivunjika, wakamimina dhahabu iliyoyeyushwa, vipande vikashikana. Hadithi tamu, lakini sivyo. Kinachoshika ni urushi, utomvu wa mti. Fundi wa kintsugi, yaani ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika, huuchanganya na unga wa ngano, hupaka kingo za vipande, huviunga, kisha huliweka bakuli ndani ya sanduku lenye unyevunyevu. Naam, unyevu: utomvu huu hauanikwi juani, huganda kwenye hewa yenye majimaji, na kazi huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Dhahabu huja mwishoni kabisa, vumbi laini linalonyunyizwa juu ya tabaka la urushi linalonata bado. Asiyeuzoea utomvu huo mbichi huwashwa na kutoka malengelenge, kama aliyeguswa na mafuta ya ganda la korosho. Miti hiyo ni ya ukoo mmoja.

Mkusanyaji akiuziwa "kintsugi" kwa bei ya chee, mara nyingi ni gundi ya dukani iliyotiwa rangi ya dhahabu. Pambo la kabatini hilo, chai usinywee.