Je, wajua? Kwa nini ukuta wa Mji Mkongwe unalowa hata kama mafuriko hayajawahi kuingia

Mtu akienda kutazama nyumba ya kununua, tuseme Malindi au Mchangani, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, kitu cha mwanzo anachokitafuta ni alama ya maji ukutani, na akiiona tu, mita moja kutoka sakafuni, rangi imebabuka na unga mweupe unamwagika, basi keshahukumu: hapa mafuriko yalifika. Dalali anaapa kwamba maji hayajawahi kuingia ndani. Mnunuzi anamtazama kwa jicho la pembeni. Na ajabu ni kuwa, kwa hili, mara nyingi dalali anasema kweli.

Hofu yenyewe haina makosa. Masika ya Machi mpaka Mei yanajaza maji mitaa ya mabondeni huko Ng'ambo, nyumba nyingi zimejengwa juu ya njia za maji, na kule Darajani zamani ulikuwepo mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo mpaka ukafukiwa karne iliyopita. Kwa hiyo kuuliza habari za maji kabla ya kutoa pesa ni akili. Tatizo ni kwamba watu wanaisoma alama siyo.

Maji ya mafuriko yana tabia moja, hayapendelei. Yakiingia ndani yanakaa usawa mmoja, ukumbini, jikoni, chumbani, ukuta wa nje na wa ndani, kwa hiyo mstari wao umenyooka kama uliopigwa kwa uzi, na ukipima kutoka usawa ule ule unaukuta kila chumba. Alafu yanaacha tope. Tope linaingia kwenye soketi za umeme, nyuma ya fremu za milango, chini ya kabati za jikoni ambako hakuna anayefagia, na bawaba ya chini ya mlango inakula kutu wakati ya juu bado nzima. Ile alama ya Malindi siyo hivyo. Inapanda na kushuka kama mawimbi, ukuta huu iko kiunoni, ule wa pili iko gotini, ukuta wa kivulini imepanda zaidi, na haina tope hata chembe. Hayo ni maji yaliyopanda kutoka chini, taratibu, kwa miaka, bila kumwagika popote.

Sasa yanapandaje? Fikiria koroboi. Mafuta yako chini kwenye kopo, moto uko juu, na hakuna anayepampu. Utambi ni nyuzi zilizobanana, baina yake kuna vinjia vyembamba, na kimiminika kikigusa kinjia chembamba kinashika kuta zake na kujivuta juu. Kinjia kikizidi wembamba, kinazidi kupanda: kwenye mrija wa upana wa milimita 2 maji yanapanda kama sentimita 1.5 tu, lakini mrija huo ukiufanya mwembamba mara 100, kihesabu yanafika mita 1.5. Jiwe la matumbawe na udongo wa chokaa uliojengea Mji Mkongwe umejaa vinjia vya namna hiyo, kuta zenyewe ni nene nusu mita na zaidi, na nyumba za zamani hazina ile nailoni inayotandikwa juu ya msingi siku hizi kuzuia unyevu. Yaani umejenga utambi wa ghorofa tatu, ukauchomeka kwenye ardhi yenye maji.

Basi mbona haulowi mpaka kwenye paa? Kwa sababu ya moto. Kwenye koroboi mafuta yanaishia pale yanapoungua, na kwenye ukuta kazi ya moto inafanywa na upepo na joto, maji yanatoka usoni mwa ukuta na kupotea hewani. Pale ambapo yanayopotea yanalingana na yanayopanda, ndo pana ule mstari. Ndo maana ukuta wa kivulini una mstari wa juu zaidi, moto wake mdogo. Na utambi ukiungua unaacha masizi, maji yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi hiyo inatoka kwenye maji ya chini ya ardhi, kwenye upepo wa bahari, kwenye mchanga wa pwani uliotumika kujengea, na mara nyengine kwenye karo la choo la jirani, maana uchafu ukioza nao unazaa chumvi zake. Inaganda kuwa fuwele ndani ya vinjia, fuwele zinakua, zinasukuma, jiwe linasagika kuwa unga.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema. Wanabandua lipu ya chokaa iliyooza wanapiga ya saruji, ngumu, inang'aa, mwenye nyumba anafurahi. Lakini ule utambi umefunikwa moto wake, mafuta bado yapo kwenye kopo. Maji hayawezi kutoka usoni, yanaendelea kupanda mpaka juu ya saruji yatoke huko, na chumvi inaganda nyuma ya lipu mpaka siku moja inaanguka pande zima kama sinia. Lipu ya chokaa inakufa polepole na ndo kazi yake, inabeba chumvi badala ya jiwe, unaibandua unapiga nyengine. Kwa hiyo ukikuta nyumba ya zamani ina mkanda wa saruji mpya na rangi ya mafuta kutoka sakafuni mpaka kiunoni, huo ndo ukuta wa kuutilia shaka kuliko ule wenye unga.

Kuna jengine ambalo mie linanichekesha kila nikilifikiria. Chumvi ya bahari inavuta unyevu kutoka hewani pale unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, na Unguja siku za namna hiyo ni nyingi. Maana yake ukuta uliokwishajaa chumvi unaweza kulowa usiku bila tone la maji kutoka chini wala juu, na asubuhi jua likitoka ukakauka. Hata vile vipima unyevu vya kuchomeka misumari miwili ukutani vinadanganyika, maana vinapima umeme unavyopita, na chumvi inapitisha umeme vizuri. Mtaalamu anakuja na kidude chake kinalia, mnaogopa nyote, kumbe kimekuta chumvi tu.

Hapa lazima nipunguze kasi kidogo. Si kila unyevu wa chini unapanda kutoka ardhini, na wataalamu wenyewe, hata huko Uingereza ambako biashara ya kutibu unyevu huu ni kubwa, wanabishana ni nyumba ngapi zina ugonjwa huu kweli na ngapi zina bomba linalovuja tu. Mji Mkongwe ndo zaidi, kwa sababu mabati yanamwaga maji kwenye kichochoro chembamba yakarukia ukuta wa pili. Wala usiseme kila kinachoanguka kimeangushwa na chumvi. Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la Mji Mkongwe la mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, na jengo lile lilikuwa na maradhi zaidi ya moja.

Kwa hiyo ukienda kukagua, usiende na macho tu. Pangusa ule unga kwa kitambaa cha maji: ukiyeyuka ni chumvi, ukipakaa weusi au ukijani ni kuvu (kuonja sikushauri). Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, kiache siku mbili tatu, jasho likiwa upande wa chumbani unyevu unatoka hewani, likiwa nyuma yake unatoka ukutani, ingawa ukuta wa chumvi unaweza kukuchanganya hata hapo. Nyumba ya saruji ya huko Chukwani au Fuoni ugonjwa wake ni mwengine, pale tafuta mipasuko inayofuata mstari wa nondo, maana mchanga wa pwani ukiingia kwenye zege nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, zege linapasuliwa kutoka ndani.

Habari za mafuriko muulize sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na majirani, siyo ukuta. Kama unaweza nenda mwezi wa Aprili baada ya mvua, na ikiwa nyumba iko karibu na pwani chagua siku za bamvua, bahari yetu inapanda na kushuka kama mita 4 siku hizo na maji ya ardhini ya karibu na ufukwe yanaifuata.

Na ukishamaliza chini, panda juu na bisibisi. Boriti za mikoko zimeingizwa vichwa vyake ndani ya ukuta, na kichwa kilichomo kwenye ukuta unaolowa kinaoza kwa ndani huku katikati ya chumba boriti inaonekana nzima kabisa. Ichome pale inapoingia ukutani, bisibisi ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, mwambie dalali mrudi kwenye bei.