Filamu za Friðrik Þór Friðriksson: Yanayosemwa na Yaliyomo

Ukitaja sinema ya Iceland mbele ya wapenzi wa filamu, jina linalotoka kwanza mara nyingi ni la Baltasar Kormákur. Si ajabu. Ndiye aliyeongoza Everest ya 2015, na ndiye aliyeongoza Beast, ile ya Idris Elba na simba iliyopigwa Afrika Kusini na kutoka 2022. Lakini kabla ulimwengu haujamjua kwa kuongoza, Baltasar alikuwa mwigizaji, na katika Djöflaeyjan ya 1996 na Englar alheimsins ya 2000 alikuwa akiongozwa na mtu mwingine: Friðrik Þór Friðriksson. Mswahili hapati taabu kulitamka jina hilo, maana ð ni dh ya dhahabu na Þ ni th ya thamani. Na kama ilivyo kwa wengi wetu, Friðriksson ni jina la baba, si la ukoo, kwa hiyo kwao anaitwa Friðrik tu.

Filamu zake zimesimuliwa zaidi kuliko zilivyotazamwa. Ndiyo maana zimezungukwa na maneno ambayo, ukikaa ukazitazama zenyewe, huyaoni humo.

“Alishinda Oscar”

Hakushinda. Börn náttúrunnar, inayojulikana kimataifa kwa jina la Children of Nature, ilitoka 1991 na ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni katika sherehe za Machi 1992. Tuzo ilikwenda Italia, kwa Mediterraneo ya Gabriele Salvatores. Mwongozaji Zhang Yimou wa China naye alirudi mikono mitupu usiku huohuo. Kilichobaki kwa Friðrik ni hiki: zaidi ya miaka 30 imepita, na hakuna filamu ndefu nyingine ya Iceland iliyowahi kuingia kwenye tano bora za kipengele hicho.

“Ni filamu za barafu na milima”

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu atazame nyuma ya wahusika badala ya kuwatazama wenyewe. Barafu ya kudumu hufunika kama asilimia 11 ya Iceland, basi. Börn náttúrunnar ni filamu ya majira ya joto, yenye majani mabichi, ukungu na bahari.

Mwaka 1985 Friðrik alitengeneza filamu ambayo ndani yake hamna kitu ila nchi. Inaitwa Hringurinn, yaani duara. Alifunga kamera kwenye gari, akaifuata barabara namba 1 inayoizunguka Iceland kwa zaidi ya kilomita 1,300, na kamera ikapiga fremu moja tu kila baada ya mita 12. Piga hesabu: filamu ikionyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, mtazamaji anakimbizwa karibu mita 290 kila sekunde, zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Mlima ambao watalii wanaupanga foleni kuupiga picha unapita kabla jicho halijaushika. Anayetafuta mandhari ya kalenda anapewa mandhari yote kwa mpigo mmoja, na hana anachoweza kukikamata.

Halafu kuna Á köldum klaka ya 1995, au Cold Fever, na hiyo kweli ina theluji ya kutosha. Hirata, mfanyakazi wa kampuni ya Tokyo, alikuwa amepanga kwenda Hawaii kucheza gofu. Badala yake anajikuta Iceland katikati ya baridi kali, kwa sababu wazazi wake walifia kwenye mto mmoja wa huko na hakuna aliyekwenda kuwafanyia ibada ya kumbukumbu mahali walipofia. Anaigizwa na Masatoshi Nagase. Matukio ya Tokyo yamepigwa kwa picha nyembamba. Hirata akishatua Iceland, picha inapanuka ikajaa skrini nzima. Wengi huusifu upanuzi huo kama heshima kwa uzuri wa nchi. Mimi nauona kwa namna nyingine. Upana ule unamfanya Hirata awe mdogo mno, nukta ndani ya Citroën nyekundu kuukuu, na theluji haimsaidii kwa lolote. Wanaomfikisha mtoni ni watu, hasa mzee Siggi, anayeigizwa na Gísli Halldórsson. Nchi imebaki palepale. Aliyemshika mkono ni mzee.

“Mtu wa Iceland lazima atengeneze filamu za Waviking”

Wapo waliozitengeneza, na mwongozaji mwenzake Hrafn Gunnlaugsson alizitengeneza vizuri sana miaka ya 1980. Friðrik alianza kwa kugeuza meza. Mwaka 1980 alitoa filamu fupi iliyoitwa Brennu-Njálssaga, jina la hadithi kubwa kuliko zote za kale za Iceland, iliyoandikwa karne ya 13, ambayo kilele chake ni mzee Njáll na jamaa zake kuteketezwa ndani ya nyumba yao. Mtazamaji aliyekuja akitarajia mashoka na farasi alionyeshwa kitabu chenyewe kikiungua. Wapo walioiona kama dharau. Nadhani ni kinyume chake: hadithi ya moto imesimuliwa kwa moto, na kijana mwenye kamera amesema mapema kwamba hataishi kwa mkopo wa mababu.

Historia aliyoigusa baadaye ni ya karibu zaidi na haina mashujaa. Waingereza waliingia Iceland Mei 1940, mwaka uliofuata Wamarekani wakachukua nafasi yao, na vita vilipokwisha wakaacha kambi za mabanda ya mabati ya nusu duara. Reykjavík, mji mkuu, ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, hivyo familia maskini zikahamia humo. Djöflaeyjan, iliyotokana na riwaya ya Einar Kárason, inakaa ndani ya mabanda hayo miaka ya 1950. Baddi, ambaye ni Baltasar huyohuyo akiwa kijana, anarudi kutoka Marekani na nywele za Elvis, maneno ya Kiingereza na gari kubwa, na bibi yake anamwabudu. Danni, mdogo wake mkimya, hatazamwi na mtu. Nani kati yao ana thamani, filamu inakuachia uamue mwenyewe, na inakuumiza kabla hujaamua.

“Börn náttúrunnar inawalaani watoto wanaowatupa wazazi”

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu tafsiri hii inapendwa sana na watazamaji wa kwetu. Mtu anasoma muhtasari: mzee amepelekwa kwenye makao ya wazee, anatoroka. Papo hapo hukumu inatoka, kwamba Wazungu hawana huruma na wazazi, na filamu inawasuta.

Tazama inavyoanza. Þorgeir, mkulima mzee, anafunga maisha yake ya shambani. Kwa muda mrefu hamna karibu neno lolote linalosemwa. Anampiga risasi mbwa wake, kwa sababu mbwa hana pa kwenda. Anavaa suti, anaondoka kuelekea Reykjavík kwa binti yake. Yule binti hakutarajia, lakini hamfukuzi. Anampokea. Tatizo ni kwamba nyumba ya mjini haina nafasi ya mtu mwenye mazoea ya shamba, na mzee na mjukuu wake wa umri wa ujana hawapatani. Hakuna katili nyumbani humo. Kuna watu watatu wasiojua wafanyeje, na mmoja wao lazima aondoke.

Kwenye makao anamkuta Stella, rafiki wa utotoni, anayeigizwa na Sigríður Hagalín. Stella hataki kuzikwa mjini. Wanaiba jeep na kushika njia ya kaskazini-magharibi, kwenye eneo walikozaliwa ambako hakuna tena anayeishi. Jambo hilo si la kubuni: pwani ya Hornstrandir ilihamwa na wakazi wake wa mwisho miaka ya 1950, na tangu 1975 ni hifadhi ya asili. Kwa hiyo wazee wale hawarudi nyumbani kwa maana ya kawaida. Nyumba haina moto, jirani hayupo, na kanisa limebaki na upepo. Kilichotoweka ni kijiji kizima, na huwezi kumlaumu binti mmoja wa mjini kwa kijiji kilichohama.

Polisi wakikaribia kuwakamata, jeep inayeyuka mbele ya macho yao. Mwishoni anatokea malaika, na Friðrik alimpa nafasi hiyo mwigizaji Bruno Ganz, aliyekuwa ameigiza malaika katika filamu ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders ya 1987. Watu huyachukua mambo hayo kama ushahidi kwamba kila mtu Iceland anaamini majini na vibwengo. Mimi naona mwongozaji anayewapenda wahusika wake kiasi cha kuwafungulia mlango pale ambapo sheria ingewafungia. Stella anapofariki, Þorgeir anamtengenezea jeneza kwa mikono yake na kumzika mwenyewe. Kamera haiharakishi. Utaona mbao, utaona kamba, utaona mzee akivuta mzigo unaomzidi nguvu.

Na kama bado kuna anayedhani Friðrik alikuwa juu ya kizimba cha hakimu, amtafute katika Mamma Gógó ya 2010. Mhusika mkuu wa kiume ni mwongozaji wa filamu, kaigiza Hilmir Snær Guðnason. Ametoa filamu kuhusu wazee waliotoroka makao, watu hawaendi kuitazama, madeni yamemfika shingoni. Wakati huohuo mama yake anashikwa na ugonjwa wa Alzheimer, na mwana aliyetengeneza filamu ile ndiye anayelazimika kumpeleka mama yake kwenye makao. Friðrik hakujificha nyuma ya jina la kubuni. Börn náttúrunnar inatajwa mle ndani kwa jina lake.

Mama huyo anaigizwa na Kristbjörg Kjeld, na hapa kuna ufundi ambao sijauona kwingine. Mwaka 1962 Kristbjörg, akiwa msichana, aliigiza mapenzi na Gunnar Eyjólfsson katika filamu iliyoitwa 79 af stöðinni. Friðrik alichukua vipande vya filamu ile ya zamani na kuvifanya kumbukumbu za mama mgonjwa. Gunnar yuleyule, akiwa mzee, anamjia kama mzimu wa mumewe marehemu. Kwa hiyo mama anapokumbuka ujana wake, unachokiona ni ujana wa kweli wa mwigizaji, uso uleule, miaka 48 nyuma. Zitazame filamu hizi mbili kwa mpangilio wake, ya 1991 kwanza.

“Englar alheimsins ni filamu ya vichaa wa kuchekesha”

Sifa hii imetokana na tukio moja. Wagonjwa watatu wa Kleppur, hospitali ya magonjwa ya akili ya Reykjavík iliyofunguliwa 1907, wanatoka siku moja, wanaingia mgahawa wa Hótel Saga, wanaagiza vyakula na vinywaji vya gharama, wanakula kwa adabu zote, kisha wanamwambia mhudumu kwa upole kwamba wao ni wa Kleppur na amwitie polisi. Ndiyo, ukumbi hucheka. Lakini tazama wanavyokaa pale mezani: ni saa moja ambayo wanahudumiwa kama watu wengine wote, na wanajua bili yake.

Riwaya ya Einar Már Guðmundsson iliyozaa filamu hii, iliyotunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki mwaka 1995, ilitokana na maisha ya ndugu yake mwenyewe aliyekuwa na skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Páll, anayeigizwa na Ingvar Sigurðsson, si hatari kwa mtu isipokuwa kwake mwenyewe, na filamu haimwokoi. Hata wimbo mmoja wa bendi ya Sigur Rós humo umejengwa juu ya muziki unaoambatana na matangazo ya vifo na mazishi kwenye redio ya Iceland. Msikilizaji wa kwetu aliyekua na redio ya taifa sebuleni, akinyamaza jina la marehemu likisomwa, anaelewa mara moja kwa nini uliwekwa.

“Anatengeneza sinema ya kimya”

Aliyesema hivyo hajasikia Rokk í Reykjavík ya 1982. Ni filamu ya hali halisi kuhusu bendi za vijana wa mji huo wakati wimbi la muziki wa panki lilipofika, yenye kelele kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndani yake yumo mwimbaji Björk, bado kijana, akiimba na bendi ya Tappi Tíkarrass. Lakini sauti ya kwanza si ya gitaa. Ni ya Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima mwenye ndevu ndefu, akighani mashairi ya kale ya rímur bila ala yoyote. Alikuwa kiongozi mkuu wa Ásatrúarfélagið, jumuiya iliyoifufua dini ya kale ya Iceland mwaka 1972. Hilmar Örn Hilmarsson, aliyetunga muziki wa Börn náttúrunnar na kupata kwa kazi hiyo tuzo ya Ulaya ya mtunzi bora mwaka 1991, anashika cheo hichohicho cha Sveinbjörn tangu 2003.