Probiotiki: si kila kilichochacha kinaitwa hivyo

Chupa ya achari ya embe mbichi iliyokaa juani wiki nzima Ujiji, ukiifungua hutoa mlio wa gesi. Maji ya chumvi yaliyokuwa maangavu yametibuka, na vipovu vinapanda kando ya vipande vya embe. Humo vijidudu vimefanya kazi. Ila kuviita probiotiki ni mapema mno.

Neno hilo lina maana finyu. Wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo (FAO) na ya afya (WHO) walilifafanua mwaka 2001: vijidudu hai ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Kwa hiyo viwe hai, vitoshe, na faida yenyewe ithibitishwe. Wengi wetu huishia kwenye uhai tu, na baadhi ya wauzaji hata hapo hawafiki.

Embe huja na bakteria wake kutoka mtini, wamekaa kwenye ganda. Chumvi huwabana waozeshaji, na chupa ikijaa vizuri hewa huwa kidogo. Wanaostahimili hali hiyo ni bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Hula sukari ya tunda na kutoa asidi, nayo huwafukuza wengine. Anayekutwa sana kwenye matunda na mboga za kuchachua ni Lactiplantibacillus plantarum, ambaye hadi mwaka 2020 aliitwa Lactobacillus plantarum. Usiutegemee ulimi kumtambua: embe mbichi huwa na uchachu tangu mtini, na achari ya siki huwa kali bila bakteria yeyote kufanya kazi chupani.

Maabara humsaka hivi. Maji ya achari huzimuliwa mara kumi, halafu mara kumi tena na tena, kisha hupakwa kwenye kisahani cha jeli yenye chakula anachokipenda. Baada ya saa 48 kwenye joto la nyuzi 30 au 37 hutokea vidoa vyeupe, na kwa kawaida kila kidoa ni uzao wa bakteria mmoja. Hudondoshewa hidrojeni peroksaidi. Kikitoa povu, siye anayetafutwa. Anayebaki hutiwa kwenye asidi kali kama ya tumboni, kisha kwenye nyongo. Vinasaba vyake husomwa kumjua ni nani hasa, na kuona kama amebeba usugu wa antibiotiki anaoweza kuwaambukiza wenzake. Akivuka yote bado ni mtahiniwa tu, mpaka faida yake ionekane kwa watu waliomla. Na faida hiyo ni ya nasaba yake peke yake. Ndugu zake wa jina moja hawairithi.

Shangazi yangu huichemsha achari yake kabla ya kuipeleka soko la Mwanga, isije ikafura njiani. Moto huo unawaua wote, hata kama jana yake chupa ilikuwa imejaa bakteria wa kila sifa. Nilipomweleza, aliniuliza kama siku hizi wala pilau wameanza kuulizia wadudu.