Vazi la bibi harusi wa Kixhosa: yanayosemwa na yalivyo

Ukitafuta mtandaoni picha za bibi harusi wa Kixhosa utaletewa rundo zima, na nyingi kati yake hazihusiani na Waxhosa. Kofia pana ya mviringo, mara nyingi nyekundu, ni isicholo ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Pete nene za shaba zilizopangwa shingoni ni za Wandebele, pamoja na blanketi lenye mistari ya rangi kali. Waxhosa wa jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wana vazi lao, na karibu kila kipande chake kinamweleza anayelitazama huyu ni nani: msichana, mke mpya au mama wa makamo. Anayechagua kwa kuangalia uzuri peke yake anaweza kutoka amependeza kabisa, na bado wazee wa ukoo wakanong'onezana.

Dhana: Vazi la bibi harusi ni moja, na analichagua mwenyewe.

Kwa kawaida ni mawili, na la pili si lake kulichagua. La kwanza ni umbhaco, vazi la sherehe la pamba nzito, jeupe, la krimu au la rangi ya udongo mwekundu, lenye mistari myeusi kwenye pindo. Sketi yake ndefu huitwa isikhakha. Kifuani huvaliwa incebetha, na kichwani iqhiya, yaani kilemba. Siku hizi wengi huvaa gauni jeupe kanisani kisha hubadilisha na kuvaa umbhaco.

La pili ni la makoti, yaani mke mpya, nalo huvalishwa ukweni. Wanawake wa upande wa mume humvika gauni refu la ujamani, yaani kitambaa cha pamba cha buluu chenye nakshi ndogondogo nyeupe, kilemba cha rangi nzito kilichoteremshwa hadi karibu na nyusi, shali mabegani na kitambaa kiunoni. Kufunika kichwa na mabega ni sehemu ya hlonipha, heshima kwa wakwe na kwa wahenga wa ukoo, heshima ileile inayomzuia makoti kutamka majina ya wakwe zake wa kiume. Katika siku hizo za kupokelewa hufanyika utsiki: mbuzi au kondoo huchinjwa, bibi harusi hulishwa nyama yake pamoja na amasi, maziwa mgando, na mara nyingi hupewa jina jipya, aghalabu linaloanza na "No".

Kosa la kawaida ni bibi harusi kununua seti zote mbili akidhani anawapunguzia wakwe gharama, kumbe mama mkwe ameshamnunulia. Mtume shangazi au dada mkubwa aulize mapema kwa mawifi: nani ananunua nini, rangi gani, urefu gani. Kisha wapelekewe vipimo vilivyoandikwa: kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, urefu wa mkono, na urefu kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo. Gauni la makoti likiishia katikati ya muundi litaonekana fupi ukweni, hata kama mjini ni refu la kutosha.

Dhana: Ujamani si mila, maana kitambaa kilitoka Ulaya.

Kwa kipimo hicho hakuna kitakachobaki. Kabla ya biashara na Wazungu Waxhosa walivaa ngozi zilizolainishwa. Sketi ya isikhakha yenyewe ilikuwa ya ngozi. Shanga ndogo za kioo zililetwa na wafanyabiashara. Mwaka 1824 soko lilifunguliwa Fort Willshire, kando ya mto Keiskamma, na hapo shanga na vifungo vilibadilishwa kwa pembe za ndovu na ngozi. Baadaye likaingia blanketi la pamba, nalo likapakwa imbola, udongo mwekundu, jinsi ngozi zilivyokuwa zikipakwa.

Kitambaa cha buluu chenye nakshi ndogondogo nyeupe kilienea kupitia wamisionari na walowezi wa Kijerumani, ambao kundi kubwa lilifika eneo hilo mwaka 1858 na 1859. Waliobatizwa walikishona magauni, huku walioshika mila wakibaki na nguo za udongo mwekundu, hata ikawa nguo ya mtu inaonyesha yuko upande gani. Leo bibi harusi mmoja huvaa zote mbili katika harusi ileile. Na kitambaa chenyewe kilihamia nyumbani: kiwanda cha Da Gama cha Zwelitsha, karibu na mji unaoitwa sasa Qonce, kilianza kukitengeneza mwaka 1982, na mwaka 1992 kikanunua haki za chapa ya Three Cats kutoka Uingereza na kuletewa roli za shaba za kuchapia nakshi zake.

Dhana: Kitambaa chochote cha buluu chenye nakshi ni ujamani.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ujamani, ambao nje ya Kixhosa hujulikana zaidi kama shweshwe, hutengenezwa kwa pamba tupu iliyokwisha kutiwa rangi. Roli ya shaba huipitishia asidi hafifu inayoondoa rangi pale inapogusa, na ndiyo maana nakshi zake huwa ndogo na kali. Ukigeuza nyuma unaona rangi ya kitambaa na alama za kiwanda, na nakshi imefifia. Kitenge cha kawaida kinaonekana karibu sawa pande zote mbili.

Angalia upana kwanza. Shweshwe wa jadi una upana wa sentimita 90 hivi. Ukiuziwa wenye sentimita 115 au 150, uliza maswali. Halafu ushike: mpya ni mgumu kwa wanga, kama kanga isiyofuliwa, na una harufu yake. Wanga ulitiwa ili kitambaa kivumilie safari ndefu za baharini, na ulibaki hata safari zilipokwisha. Polista iliyochapwa nakshi zilezile ni laini tangu dukani, inateleza, na kwenye joto la ukumbi uliojaa watu itamchosha bibi harusi kabla ya chakula kuliwa.

Upana huo mdogo ndio unaowakosesha mafundi waliozoea kitenge. Tuseme sketi ya urefu wa sentimita 105. Kila kipande kikatwe sentimita 113, yaani 6 za pindo na 2 za kiunoni zikiongezwa. Vipande vinne vya upana wa 90 vinakula mita 4.5, na mzunguko wa chini unabaki karibu mita 3.5 baada ya mishono. Blauzi ya mikono mirefu inachukua mita 2.25, kilemba cha mraba sentimita 90. Jumla ni kama mita 7.7; ongeza za kusinyaa, nunua 8.5. Nunua zote siku moja na kutoka jora moja, kwa sababu buluu ya jora jingine inaweza kuwa imekolea zaidi, na tofauti hiyo hujitokeza kwenye picha.

Loweka kitambaa kabla ya kukata, katika maji baridi, peke yake, ukibadilisha maji hadi kiache kuchuja. Kianike kivulini, ukipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Fundi anayekata kabla ya kufua hukabidhi gauni linalokaa vizuri mara moja tu: likifuliwa linapanda juu na kubana kwapani. Na usifue pamoja na kitu cheupe, hata mara ya tatu.

Dhana: Umbhaco ni shuka jeupe lililoshonewa utepe mweusi.

Kwa mbali, pengine. Lakini shuka la kitanda ni jepesi mno. Likibeba safu tano za utepe hujikunja na mistari ikaonekana kama mawimbi. Tafuta pamba nzito yenye mwanguko, inayosimama kidogo ukiikunja mkononi.

Utepe ndio roho ya vazi hili. Uwe wa pamba. Utepe wa satini ya nailoni hung'aa dukani, ila pasi yenye joto la kutosha kunyoosha pamba inauyeyusha, na ukipunguza joto pamba haikunjuki. Hesabu urefu hivi: mzunguko wa pindo mara idadi ya safu. Pindo la mita 2.5 lenye safu tano linataka mita 12.5; ongeza 4 za incebetha na kingo za kilemba, na moja ya akiba. Kabla ya kushona, lowesha kipande cha utepe, ukikandamize kwenye kitambaa cheupe usiku kucha. Kikiacha doa, fua utepe wote hadi maji yatoke safi, au utafute mwingine. Mafundi wengine husema chumvi na siki zitakaza rangi. Kwa rangi nyingi za viwandani hazifanyi kazi hiyo, na harusi siyo mahali pa kujaribia. Chora mistari kwa chaki na rula kuanzia chini kwenda juu, safu ya kwanza sentimita 5 kutoka ukingoni, ushone kila safu kuelekea upande uleule. Ukienda na kurudi, mashine husukuma kitambaa kulia kisha kushoto, na pindo linajisokota.

Rangi ya kitambaa uliza nyumbani, maana makundi yanayozungumza Kixhosa hutofautiana. Wampondo kwa kawaida hupendelea nyeupe, wakati kwa Wagcaleka na Wathembu udongo mwekundu una historia ndefu. Umbhaco wa kisasa wa rangi hiyo hutiwa rangi kiwandani, kwa hiyo hautapaka viti vya watu.

Dhana: Kila rangi ya shanga ina maana moja, ukiijua unaweza kuisoma kama barua.

Wazo hili limechukuliwa kwenye barua za mapenzi za shanga za Wazulu, na hata huko rangi husomwa kwa mpangilio na mahali. Kwa Waxhosa hakuna orodha moja inayoshika kwa koo zote. Lililo wazi ni uzito wa nyeupe: ni rangi ya usafi na ya mawasiliano na wahenga, na amagqirha, waganga wa jadi, huvaa shanga nyeupe kwa wingi, hasa kichwani. Bibi harusi akijaza nyuzi nyeupe tupu zinazoning'inia usoni anaweza kudhaniwa yuko katika wito wa uganga. Changanya na buluu ya feruzi, nyeusi au nyekundu, kisha muonyeshe shangazi kabla ya kulipa.

Vipande vya kutafuta ni ithumbu, mkufu wa mviringo kama kamba nene. Isidanga, nyuzi nyingi ndefu zinazoshuka kifuani, ambazo wanaume pia huvaa, hivyo bwana harusi anaweza kupata yake ya rangi zinazooana. Na amacici, hereni. Shanga za kioo ni baridi ukizigusisha mdomoni na zina uzito. Za plastiki ni vuguvugu na nyepesi. Sugua chache kwa kitambaa cheupe chenye maji, maana zile zilizopakwa rangi juu juu huchuja kwa jasho na kuchafua umbhaco. Ulizia uzi: nailoni hudumu, pamba huoza na kukatika kwenye tundu la shanga. Mkufu wa kukaa shingoni upimwe juu ya nguo, na vidole viwili vipite chini yake. Uvae nyumbani saa nzima. Ukiacha alama nyekundu, rudisha ukaongezewe kitanzi cha kifungo.

Dhana: Kilemba kikubwa na kiko cha tumbaku chenye shina refu ndivyo vinavyokamilisha picha.

Ndivyo vinavyoiharibu. Ukubwa wa kilemba na urefu wa shina la inqawe, kiko cha wanawake, huenda na umri. Makoti hufunga kilemba kidogo, cha chini, kilichobana. Lile duara kubwa lililopambwa ni la akina mama walioutumikia ukoo miaka mingi. Inkciyo nayo, sketi fupi ya shanga inayouzwa kama pambo la kiunoni, ni ya wasichana ambao hawajaolewa.

Dhana: Bila madoa meupe usoni hujawa Mxhosa.

Madoa hayo, umchokozo, ni urembo wa kupendeza ila si sharti la ndoa. Udongo mweupe wa kupakaa mwili mzima, ingceke, ni alama ya vijana walio jandoni. Ukitaka umchokozo, jaribu udongo ndani ya kiwiko siku mbili kabla, maana baadhi ya unaouzwa huwasha. Uchanganye na maji kidogo uwe mzito kama krimu. Ukiwa mwepesi hutiririka, ukiwa mzito hupasuka na kudondoka kifuani. Paka kwa ncha ya kijiti, kuanzia juu ya nyusi kushuka mashavuni, ukiwa umefunika mabega kwa taulo, na umbhaco uvaliwe kwa kupandishwa kutoka miguuni baada ya madoa kukauka.