Ujifunzaji huria mtandaoni: chuo kikuu kinafungua nini hasa?

Ujifunzaji huria mtandaoni ni utaratibu unaomwezesha mtu yeyote mwenye intaneti kufuata kozi ya chuo kikuu bila kuombwa vyeti, bila kudahiliwa na, mara nyingi, bila kulipa ada. Hapo ndipo unapoachana na masomo ya kawaida yanayoendeshwa kwa mtandao, ambayo mlango wake bado unalindwa na ofisi ya udahili na ofisi ya fedha. Chuo kinaweza kuhamishia mihadhara yake yote mtandaoni na kisiwe kimefungua chochote.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Open University ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1969, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 bila kuwadai sifa za kuingilia, ikiwafundisha kwa posta, redio na televisheni. Huko kilichofunguliwa ni mlango. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kikafungua kitu tofauti: kilitangaza kwamba kitaweka hadharani maandishi na mazoezi ya kozi zake, bure, bila mwalimu na bila cheti. Mwaka uliofuata zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, zinazompa mwandishi njia ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, itafsiriwe au irekebishwe bila kuombwa idhini kila mara.

Kisha zikaja kozi zenyewe. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, Stephen Downes na George Siemens waliendesha kozi ambayo wanafunzi kama 25 waliilipia, na wengine zaidi ya 2,000 wakaifuata bure. Mwaka 2011 kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka 2012 majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Coursera, Udacity na edX yakazaliwa, na vyuo vikaanza kukimbilia huko. Vingi vilikimbia kwa sababu jirani alikuwa anakimbia.

Swali lililorukwa wakati ule ndilo lenye mkakati ndani yake. Kozi ya chuo kikuu imefunga pamoja vitu ambavyo gharama zake hazifanani hata kidogo. Kuna vifaa: vitabu, video, mazoezi. Vikishatengenezwa, kumpa mtu wa elfu kumi hakugharimu karibu chochote. Kuna ufundishaji, yaani mtu anayeisoma kazi ya mwanafunzi na kumwonyesha alipopotea. Huo haupungui bei kwa wingi wa watu, tena wingi unauelemea. Mwishoni kuna uthibitisho, yaani jina la chuo kusimama nyuma ya kauli kwamba fulani anajua. Chuo kinachosema tu kwamba “kinaingia mtandaoni” hakijasema kinatoa kipi kati ya hivyo, kwa nani, na nani atalipia vinavyobaki.

Chuo cha San Jose State, jimboni California, kilionja matokeo yake mwaka 2013. Kwa kushirikiana na Udacity kilitoa kozi za hisabati na takwimu kwa ada ndogo, na baadhi ya walioandikishwa walikuwa watu waliokwisha kushindwa hisabati za msingi. Wengi walianguka, na kufikia Julai mpango ukasitishwa kwanza ili utazamwe upya. Wanafunzi waliohitaji mwalimu kuliko wote ndio waliopewa video. Takwimu za jumla zinaelekea hukohuko: kwa kawaida kozi huria humalizwa na sehemu ndogo tu ya waliojiandikisha, na tafiti za miaka ya mwanzo zilikuta wafuataji wengi tayari wana shahada. Binafsi sioni idadi ya wasiomaliza kuwa aibu, maana kujiandikisha ni kubonyeza tu. Aibu ni kuiita kozi hiyo njia ya kuwafikia walioachwa nje huku wanaonufaika ni wasomi.

Georgia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, ilikwenda kwa hesabu nyingine. Mwaka 2014 ilianza kutoa shahada ya uzamili ya kompyuta mtandaoni, kwa ada ambayo wakati huo haikufika dola 7,000 kwa programu nzima. Hapa mlango ulipanuliwa na bei ikashushwa, lakini mitihani na usahihishaji vikabaki mikononi mwa chuo, na wasaidizi wa kufundisha wakaongezwa kadiri wanafunzi walivyoongezeka.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa MIT ya mwaka 2015, kwenye fani ya usimamizi wa ugavi. Yeyote angeweza kufuata kozi huria, kulipia mitihani yenye usimamizi, na akifanya vizuri kuomba nafasi ya kumalizia uzamili chuoni kwa muda mfupi, kozi zake zikihesabiwa. Chuo kinampima mtu kwanza kwa kazi anayoweza kuifanya, kisha ndipo kinamdahili. Kwa vyuo vingi badiliko hilo ni gumu kuliko kununua kamera, kwa sababu linapita kwenye Seneti, yaani baraza la chuo linaloamua mambo ya taaluma: ni kozi ipi ya nje itakayotambuliwa, kwa alama gani, na nani aliyesimamia mtihani.

Yapo mengine ya ndani ambayo hayapendezi kwenye hotuba za uzinduzi. Mhadhiri anayetumia muhula mzima kutengeneza kozi huria apewe nini, ikiwa kupandishwa cheo kunategemea makala za majarida? Video zake ni mali yake au ya chuo? Nani atairekebisha kozi baada ya miaka mitatu, fedha za mradi zikiwa zimekwisha?

Halafu kuna mkataba na mwenye jukwaa. edX ilianzishwa na MIT na Harvard kama shirika lisilo la faida. Mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, chuo kinapaswa kujua nakala halisi za video na kumbukumbu za wanafunzi zitabaki kwa nani jukwaa likibadilisha mmiliki, na kama leseni ya vifaa inaruhusu vihamishiwe kwingine bila kumwomba mtu.