Bodi Inamsimamiaje Mwalimu Mkuu Ambaye Haikumwajiri?

Ninapowafunza wajumbe wa bodi za shule za upili nchini Kenya, swali halikosi: kati ya mwenyekiti na mwalimu mkuu, mkubwa ni nani? Ugomvi mwingi huanzia hapo, ilhali sheria haikuwapanga kwa ukubwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikabidhi Bodi ya Usimamizi maslahi ya shule, mali yake na fedha zake, pamoja na kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi hiyo, lakini mwajiri wake ni Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kule Marekani, bodi ya wilaya ya shule humwajiri yenyewe mtendaji wake mkuu, na wakishindwana humwachisha. Bodi ya Kenya haina rungu hilo. Ikiwa na malalamiko itayafikisha TSC, na uamuzi si wake.

Nguvu yake basi iko katika bajeti, taarifa ya fedha na kumbukumbu za mkutano. Tatizo ni kwamba makaratasi hayo huandaliwa na yule yule anayesimamiwa.

Chukua taarifa ya fedha ya muhula. Inaonyesha kilichoidhinishwa na kilichotumika, na fungu la chakula bado lina salio zuri. Safu ya madeni haipo. Kumbe aliyeleta mahindi na maharagwe hajalipwa tangu shule ifunguliwe! Mjumbe anayekabidhiwa karatasi hiyo akiwa ameshaketi mkutanoni hawezi kugundua. Apewe wiki moja kabla, na hata kama maisha yake yote ameendesha duka tu, atauliza: wanafunzi wamekula nini kwa pesa ndogo hivi? Kwangu hili ni jambo zito kuliko kanuni zote za vikao. Katibu anayechelewesha makaratasi ameinyima bodi macho, hata kama hakukusudia.

Kuna upande wa pili, nao unaniudhi vilevile. Mwenyekiti anashinda shuleni, anahesabu magunia stoo, anaelekeza nani apewe zabuni ya nyama. Kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, afisa mhasibu wa shule, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha zake, ni mwalimu mkuu. Mkaguzi akija, anayehojiwa ni yeye, kwa uamuzi uliofanywa na mtu mwingine. Bodi iidhinishe bajeti na mpango wa ununuzi, imwache anunue, kisha imuulize bila kumwonea haya.

Yako pia mambo yasiyongoja kikao: paa la bweni limeng'olewa na upepo, pampu ya maji imekufa. Huwa nawashauri wakubaliane mapema, na waandike kwenye kumbukumbu, kiasi ambacho mwalimu mkuu anaweza kutumia akishampigia mwenyekiti simu, na kwamba stakabadhi zake ziletwe kikao kinachofuata.